Gari la Baba Mikononi mwa Mwana

Kila mwaka Jeshi la Polisi la Uganda hutoa taarifa yake ya uhalifu na usalama barabarani, na kila mwaka ukurasa wa ajali husomwa kwa masikitiko, kisha ukafunikwa. Katika mwaka 2023 watu 4,806 walipoteza maisha katika barabara za nchi hii. Mwaka uliofuata, 2024, idadi ilipanda hadi 5,144. Walio wengi miongoni mwao hawakuwa ndani ya gari lolote: walikuwa waenda kwa miguu na watu waliopanda pikipiki. Askari wa usalama barabarani wanazielewa hesabu hizi kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu wao ndio wapimao alama za matairi juu ya lami, na wao ndio waandikao majina ya waliokufa. Lisilozungumzwa sana ni lile lifuatalo baada ya maziko, yaani nani atalipa, na atalipa kutoka mfuko gani. Hapo ndipo linapozuka swali linalomgusa askari, safari hii kama mzazi: mwana aliyepata leseni juzi, ambaye kila jioni huomba ufunguo wa gari la baba.

Mahali panapofaa kulitazamia swali hilo ni Luzira. Mtaa huo wa Kampala, ulio kando ya ziwa, unajulikana nchi nzima kwa gereza lake kuu. Lakini vilevile ni maskani ya askari magereza wengi pamoja na jamaa zao, na ndipo kilipo chuo cha kuwafundisha askari hao. Barabara ya Port Bell, inayoanzia bandarini na kupita kwenye kiwanda cha bia hata ikafika Kitintale, Bugolobi na Nakawa, hubeba kwa wakati mmoja malori ya mizigo, teksi, bodaboda, wachuuzi na watoto wa shule. Ni barabara inayomtaka dereva mzoefu.

Ichukuliwe, kwa mfano tu, familia ya sajini mmoja wa magereza aishiye hapo. Gari ni la baba. Lilitumika miaka mingi huko Japani kabla ya kushushwa Mombasa, na thamani yake ya leo ikadiriwe kuwa shilingi milioni 15. Mwana ana umri wa miaka 20, anasoma katika chuo cha biashara cha Makerere kilichopo Nakawa, na leseni yake ina miezi minne. Siku ambazo baba yuko zamu, gari huwa mikononi mwa kijana. Kwenye kioo cha mbele kimebandikwa kibandiko cha bima, na baba huyo, kama wazazi wengi walivyo, huamini kwamba kwa kibandiko hicho mambo yote yamekwisha.

Hayajakwisha. Kibandiko hicho ni ushahidi wa bima ya lazima, ile iitwayo bima ya mtu wa tatu. Mtu wa kwanza ni mwenye gari, wa pili ni kampuni ya bima, na wa tatu ni yule mpita njia ambaye hakutia saini mkataba wowote ila amegongwa. Sheria ya bima hiyo nchini Uganda ilitungwa mwaka 1989, na shabaha yake ilikuwa njema kabisa: kwamba asiwepo mtu wa kuvunjwa mguu barabarani kisha akaambiwa kuwa mwenye gari hana kitu. Lakini sheria hiyo iliweka kikomo. Fidia ya mtu mmoja aliyekufa au kuumia haikuruhusiwa kuzidi shilingi milioni moja, na ajali moja, hata ikiwa na majeruhi wengi kiasi gani, haikuruhusiwa kuzidi shilingi milioni 10. Tena bima hiyo huhusu mwili wa binadamu peke yake. Ukuta wa duka uliobomolewa Kitintale haumo, wala taa za lori lililogongwa kwa nyuma.

Mwaka 1989 dola moja ya Marekani ilinunuliwa kwa mamia machache ya shilingi za Uganda. Leo hununuliwa kwa zaidi ya shilingi 3,400. Milioni moja iliyoandikwa siku zile ilikuwa fedha ya maana. Ikipelekwa leo kwa majeruhi aliyevunjika nyonga, haitoshi hata kumtoa hospitali. Nchini Kenya kikomo cha sheria ya namna hiyo ni shilingi milioni 3 za Kenya kwa mdai mmoja, na hata huko wapo wanaolalamika kuwa ni kidogo. Basi majeruhi wa Luzira, au mjane wake, anapoona kwamba fedha ya kibandiko imekwisha na madeni yangali yapo, hufanya lile ambalo sheria inamruhusu kufanya. Huenda mahakamani kudai kilichobaki. Na anayemdai si kampuni ya bima tena, bali aliyekuwa akiendesha na mwenye gari.

Hapa wazazi hujitetea upesi. Husema: kijana ana miaka 20, ni mtu mzima mbele ya sheria, atajibu mwenyewe. Kuna ukweli fulani katika maneno hayo, lakini ni ukweli mwembamba mno kumsitiri mtu. Kijana asiye na mshahara hana cha kukamatwa. Mwanasheria yeyote mwenye akili humtafuta mwenye kiwanja. Jambo hili lilipata kuzisumbua mahakama za Uingereza, ambazo hukumu zake zimekuwa zikitazamwa sana na mahakama za Afrika Mashariki. Mke mmoja alikuwa na gari lake ambalo mumewe alilitumia kwenda kazini. Mume aliahidi kuwa akilewa hataendesha, atampa rafiki. Usiku mmoja alifanya hivyo hasa, naye rafiki akaenda mbio akagonga basi. Wote wawili wakafa, na abiria waliokuwamo wakaumia. Abiria wakamshtaki mke. Lord Denning katika Mahakama ya Rufani alimwona kuwa na wajibu, kwa hoja kwamba gari lilikuwa la familia. Mwaka 1972 majaji wa juu kabisa wa Baraza la Malodi waliitengua hukumu hiyo, wakasema kwamba mwenye gari huwajibika pale tu dereva anapokuwa ametumwa naye, au anapoendesha kwa shughuli yake.

Baba wa Luzira asiharakishe kufurahi. Kwanza, mahakama za kwetu huanza kwa kudhani kwamba aliyekutwa akiendesha gari la mtu ni wakala wa mtu huyo, mpaka mwenye gari alete ushahidi wa kinyume. Pili, na hili ndilo zito zaidi, katika nyumba ya Kiafrika kijana huendesha kwa shughuli zake peke yake mara chache sana. Asubuhi anampeleka mama sokoni Nakawa. Mchana anamchukua mdogo wake shuleni. Jioni ametumwa mtungi wa gesi. Katika safari zote hizo yeye ni mtume wa baba, na kosa lake humfuata baba mpaka kwenye nyumba anayoijenga kijijini.

Kwa hiyo mzazi analazimika kuchagua, na machaguo hayo si mengi. Aweza kubaki na kibandiko peke yake, na hapo ajue kwamba amewakinga wengine kwa kiasi kidogo na kujikinga mwenyewe kwa kiasi kidogo zaidi. Aweza kununua bima kubwa, ambayo hulipia gari lake mwenyewe likigongwa, likiungua au likiibwa, na huongeza fidia ya watu na mali za watu. Katikati ya hizo mbili iko njia ambayo mawakala wa bima hawaitangazi sana, pengine kwa sababu faida yake kwao ni ndogo: bima ya mtu wa tatu iliyopanuliwa, ambayo hupandisha kikomo cha fidia ya watu juu ya kile cha sheria na kutia ndani mali iliyoharibiwa, bila kuligusa gari la mwenyewe.

Inafaa hesabu ifanywe kwa kalamu. Ada ya bima kubwa hupigwa kwa asilimia ya thamani ya gari. Ichukuliwe, kwa mfano wa hesabu tu, asilimia 4. Kwa gari la shilingi milioni 15 hiyo ni shilingi 600,000 kwa mwaka, mbali na kodi. Isitoshe, kila hati ya bima kubwa ina kiasi cha kwanza cha hasara ambacho mwenye gari hujilipia, na mara nyingi dereva kijana, au mwenye leseni changa, huongezewa kiasi kingine juu yake. Iwapo mwana amevunja taa na mlango, na matengenezo yamefika milioni 2, huku mwenye gari akitakiwa kubeba 500,000 za kawaida na 500,000 za ujana wa dereva, kampuni italipa milioni moja tu. Baada ya hapo lile punguzo wapewalo wasiodai hupotea, na ada ya mwaka ujao hupanda.

Kwa gari kuukuu ambalo baba angeweza, kwa kujibana, kulinunua tena, fedha hiyo ingetumika vema zaidi kununulia kikomo kikubwa cha fidia ya watu wengine. Gari la milioni 15 likiteketea, hasara haipiti milioni 15. Bodaboda mwenye watoto watano akipooza, hasara haina mpaka unaojulikana. Wazazi wengi hufanya kinyume: wakipata fedha kidogo hukimbilia kulinda bati, kwa kuwa bati wanaliona kila siku uani na mtu watakayemgonga hawajamwona bado. Hoja hubadilika kwa askari aliyenunua gari kwa mkopo wa ushirika wa akiba, kama ule wa Wazalendo jeshini au Exodus kwa polisi. Mkopo haufi pamoja na gari. Mtu aweza kukatwa mshahara miaka mitatu kwa ajili ya chuma chakavu, na huyo bima kubwa inamfaa hata ikimuuma.

Lakini bima yoyote itakayochaguliwa, iko fomu ya maombi, na ndani ya fomu hiyo liko swali ambalo limewaangusha wengi: nani ataliendesha gari hili? Baba huandika jina lake peke yake. Ana miaka 48, hajapata ajali, na wakala akimwona namna hiyo humpa ada ndogo. Kijana hatajwi. Wakati mwingine wakala mwenyewe, kwa kutaka biashara imalizike upesi, ndiye amwambiaye mteja aache nafasi hiyo wazi. Mkataba wa bima ni tofauti na mkataba wa kuuziana mbuzi, ambapo mnunuzi hujifungulia macho mwenyewe. Katika bima mwombaji anapaswa kusema kila jambo zito analolijua, kwa sababu kampuni haina njia ya kuijua nyumba yake. Akificha kwamba dereva wa siku nyingi ni kijana mwenye leseni ya miezi minne, kampuni ina haki ya kuikana hati siku ya ajali, baada ya kuwa imekwisha kupokea ada. Na hata pale inapolazimika kumlipa majeruhi, huweza kumgeukia mwenye gari na kudai irudishiwe.

Hivyo jina la mwana na liandikwe, pamoja na umri wake na tarehe ya leseni yake. Ada itapanda, na kupanda huko ndiyo bei halisi ya kumpa kijana gari. Kisha kisomwe kifungu kinachoeleza ni nani anayeruhusiwa kuendesha. Baadhi ya hati humruhusu mtu yeyote mwenye leseni halali aliyepewa ruhusa na mwenye gari. Nyingine huwakataa walio chini ya umri fulani, au wenye leseni isiyotimiza mwaka mmoja au miwili. Kifungu hicho huwa na mistari michache tu, na askari aliyezoea kusoma amri za kikosi neno kwa neno hawezi kusingizia kwamba lugha ilimshinda. Akiona kampuni imemdhulumu, malalamiko hupelekwa kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Bima ya Uganda, yenye ofisi maalumu kwa kazi hiyo.

Wako wazazi wanaoona werevu kuliandikisha gari kwa jina la mwana, ili dhima yote iwe yake. Njia hiyo ina maana iwapo kijana kweli ndiye mwenye gari, anafanya kazi, na anailipia bima mwenyewe. Atajijengea sifa yake kwa kampuni, na baada ya miaka kadhaa bila madai ataanza kupewa punguzo. Ikiwa ni hila tu, na baba ndiye anayenunua mafuta na kulituma gari kila siku, jina lililo kwenye hati ya usajili halitamficha kwa muda mrefu mahakamani. Na lipo jambo la nyumbani pia: gari lililoandikwa jina la kijana wa miaka 20 ni la kijana wa miaka 20, naye aweza kuliuza Jumatatu.

Kampuni haziwatozi vijana zaidi kwa chuki. Shirika la Afya Duniani limekwisha kueleza kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Hatari ya dereva mpya huwa kubwa zaidi katika miezi ya mwanzo ya kuendesha peke yake, huongezeka usiku, na huongezeka tena anapojaza gari kwa vijana wenzake. New Zealand ililitambua hilo mapema. Tangu Agosti 1987 dereva mpya huko hupewa kwanza leseni yenye masharti: haruhusiwi kuendesha peke yake kati ya saa nne usiku na saa kumi na moja alfajiri, wala kubeba rafiki zake bila msimamizi mwenye leseni kamili. Mzazi wa Luzira hana haja ya kungoja sheria kama hiyo. Ufunguo uko mfukoni mwake. Aweza kuagiza kwamba gari lilale uani kabla ya saa nne usiku, kwamba mwaka wa kwanza mwana asibebe zaidi ya mtu mmoja wa rika lake, na kwamba siku za mpira na za harusi aendeshe mtu mwingine. Amri za namna hiyo jeshini hazimshangazi mtu. Nyumbani ndiko zinakoonekana ukali.

Yako pia majaribu ambayo huwapata wenye sare kuliko raia wengine. Ajali imetokea saa mbili usiku karibu na Kitintale. Mwana anampigia baba simu, baba anafika kabla ya polisi, na wazo la kwanza linalomjia ni kusema kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiendesha. Hati ni yake, leseni yake ni ya miaka 20, na pengine koplo atakayekuja kupima ni mtu anayefahamiana naye. Kumpa polisi taarifa ya uongo ni kosa la jinai, na kwa askari ni kosa linaloweza kuondoka na kazi yake. Tena kwa upande wa bima ni upumbavu: taarifa ya polisi ndiyo karatasi ya kwanza ambayo kampuni huiomba, na mashahidi walioona kijana akishuka kwenye kiti cha dereva huwa ni wauza ndizi, makondakta na bodaboda kumi. Madai ambayo yangelipwa kwa jina la kweli la dereva huanguka kwa jina la uongo. Koplo naye, kwa kuandika alichoambiwa badala ya alichokikuta, huwa amemnyima majeruhi haki yake na kumwingiza mwenzake katika shimo.

Vivyo hivyo, mambo yasimalizwe barabarani kwa noti chache na ahadi. Hati nyingi humkataza mwenye bima kukiri kosa au kupatana na upande wa pili kabla ya kampuni kujulishwa, na huweka siku chache za kutoa habari. Majeruhi apelekwe hospitali kwanza, polisi waitwe, na kampuni iandikiwe upesi.

Kwa wale wa jeshi liko jambo moja zaidi. Tangu Machi 2007 majeshi ya Uganda yamekuwa yakienda Somalia kwa zamu, na askari anayeondoka kwa miezi mingi huacha nyuma mke, watoto na gari. Wakati huo mwana huwa si msaidizi wa dereva tena, ndiye dereva. Mabadiliko hayo kampuni inapaswa kuambiwa kabla ya baba kupanda ndege, kwa barua, na nakala ya barua yenye muhuri wa kampuni ikae kwa mama pamoja na hati ya bima na nambari ya simu ya ofisi ya madai. Tarehe ambayo kibandiko kitakwisha nguvu iandikwe mahali inapoonekana, kwa kuwa bima hukatika siku yake bila kujali baba yuko Mogadishu. Na kama kijana atatumwa kuvuka mpaka, mathalani kumpeleka shangazi yake Eldoret kwa njia ya Malaba, kibandiko cha Uganda hakimkingi upande wa pili. Atahitaji Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo hutambuliwa Kenya, Tanzania, Rwanda na Burundi. Kadi hiyo hupatikana kwa kampuni za bima, na inapaswa iwemo ndani ya gari kabla halijaondoka Luzira.